Gari limegongwa kidogo: udai bima au utoe mfukoni? Mwongozo kamili kwa wenye magari Tabora

Kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni la mtu aliyegongwa bampa na bajaji karibu na Soko Kuu. Anakimbilia bima siku hiyo hiyo, anafuatilia kwa wiki kadhaa, na mwisho anakuta makato ya mkataba yamekula karibu fedha yote. La pili ni la anayesema "hiki kidogo tu", akampa fundi gari. Fundi akifungua bampa anakuta rejeta imepasuka, na bima wanamjibu kwamba gari limeshaguswa kabla hawajaliona.

Wote wawili waliamua kabla ya kuwa na namba mkononi. Mwongozo huu ni wa kutafuta namba hizo, tena nyingine kabla gari halijagongwa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mkataba wako wote wa bima. Stika au karatasi ya uthibitisho haitoshi, maana makato na masharti hayamo humo. Kama wakala hajakupa mkataba, mwombe leo akutumie kwa barua pepe au WhatsApp.
- Jedwali la mkataba, yaani ukurasa wenye namba ya gari, thamani iliyokatiwa bima, aina ya matumizi, tarehe na makato.
- Risiti ya malipo ya bima ya mwaka huu na ya mwaka jana.
- Leseni hai ya dereva aliyekuwa kwenye usukani, na nakala ya kadi ya gari.
- Simu yenye kamera na chaji, tepu ya kupimia, tochi, kalamu na karatasi mbili.
- Fedha kidogo ya kumlipa fundi bodi afungue bampa na kulirudisha. Hii ni gharama ya kujua, na mara nyingi ndiyo inayookoa laki kadhaa.

## Hatua ya 1: Tafuta mstari wako kabla ya ajali

Mstari ni kiasi ambacho chini yake kudai ni hasara kwako, na juu yake kutodai ni kuiachia kampuni fedha yako. Kila gari na kila mkataba una mstari wake, kwa hiyo usiazime wa jirani. Unajengwa na vitu vitatu.

Makato ya mwenye bima. Mawakala huyaita eksesi. Ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kila unapodai. Kwenye mikataba mingi huandikwa kama asilimia ya dai, ikifuatiwa na kiwango cha chini. Wengi husoma asilimia na kuruka kiwango cha chini, na kwa ajali ndogo hicho ndicho kinachouma. Mkataba ukisema asilimia 10 isiyopungua 200,000, basi kwa dai la 300,000 utakatwa 200,000, si 30,000.

Punguzo la kutodai. Kampuni nyingi humpunguzia bei anayemaliza mwaka bila kudai, na punguzo hupanda mwaka hadi mwaka. Ukidai, linashuka au linafutwa. Uliza mambo mawili: ukidai mara moja linashuka hadi wapi, na je, linabaki pale unapokuwa umegongwa na mtu mwingine na kampuni ikarudishiwa fedha yake? Kama mkataba wako hauna punguzo kabisa, uliza kama huwa wanapandisha bei kwa aliyedai.

Gharama ya kufuatilia. Hapa Tabora usiipuuze. Mkadiriaji hasara anaweza kutoka Mwanza au Dar es Salaam, gereji iliyoidhinishwa na kampuni huenda haipo mjini, na spea zikiagizwa Ilala au Kariakoo zinakuja na basi, zaidi ya kilomita 800. Hesabu nauli, nakala, bodaboda za siku ambazo gari limesimama, na kipato kinachopotea kama gari ndilo linalokulisha.

Mfano. Toyota IST imekatiwa bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, kwa thamani ya 12,000,000. Makato na punguzo hapa ni vya kuonyeshea hesabu tu, weka vyako.

- Bei kamili kwa asilimia 3.5 ni 420,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 495,600.
- Mwaka huu mwenye gari ana punguzo la asilimia 20. Asipodai, mwakani anapata asilimia 30 na kulipa 346,920. Mwaka unaofuata anapata asilimia 40 na kulipa 297,360.
- Akidai, mwakani anaanza upya na kulipa 495,600, na mwaka unaofuata 396,480.
- Tofauti ya mwaka wa kwanza ni 148,680 na ya mwaka wa pili 99,120. Jumla 247,800.
- Makato ya chini ni 200,000.
- Kufuatilia, tuseme 90,000.

Mstari wake ni 200,000 + 247,800 + 90,000, yaani 537,800.

Wengi wakiona namba hii hushangaa, maana kichwani walikuwa na laki moja au mbili. Andika mstari wako kwenye karatasi ndogo uiweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na namba ya simu ya kampuni. Ukihuisha bima, upige upya.

Hatua hii imekamilika pale mtu akikuuliza "gari lako ukianzia shilingi ngapi unadai?" ukamjibu bila kufungua mkataba.

## Hatua ya 2: Jua ni bima ya nani inayohusika

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo, inamlipa uliyemgonga. Bampa lako haliihusu. Kama una bima ndogo tu na kosa ni lako, hakuna cha kudai kwa ajili ya gari lako. Hatua ya 3 na ya 4 bado zinakuhusu kwa ajili ya uliyemgonga, kisha nenda hatua ya 5.

Kama kosa ni la mwenzako, madai yaende kwenye bima *yake*, hata kama wewe una bima kubwa. Kwa njia hiyo makato yako hayaguswi, wala punguzo lako. Watu wengi wenye bima kubwa hawalijui hili na wanachoma punguzo la miaka mitatu kwa kosa la dereva wa bajaji.

Kabla hamjaachana, hakikisha bima yake iko hai. Fungua mfumo wa uhakiki wa stika wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwenye intaneti (TIRA MIS), uweke namba ya usajili. Utaona kampuni, aina ya bima, na tarehe ya kuanza na kuisha. Usiridhike na stika au karatasi anayokuonyesha. Kwa bodaboda fanya hivi mara mbili, maana pikipiki nyingi bima yake ilikatwa siku ya kununuliwa na haikukatwa tena.

Ukikuta bima yake imekufa, umebakiwa na mfuko wake au mkataba wako. Mfuko wa kijana wa bodaboda unaujua.

## Hatua ya 3: Dakika 20 za kwanza barabarani

Kwanza angalia watu. Kama yeyote ameumia, hata akisema "niko sawa" huku anashika shingo, hili si suala la uharibifu mdogo tena. Polisi waitwe, na majeruhi apatiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Usikubali kumalizana barabarani pale mtu ameumia, hata kama wote mnataka. Kesho mguu ukivimba, karatasi yenu haitamsaidia yeye wala wewe.

Kama ni bati na plastiki tu, piga picha hizi kabla magari hayajasogezwa:

1. Magari yote mawili kwa pamoja, yakionekana na barabara, kutoka pande mbili.
2. Namba za usajili za magari yote.
3. Palipoharibika, kwa umbali wa mita moja, kisha kwa sentimita 30 huku tepu au sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa.
4. Kona zote nne za gari lako, pamoja na zile zisizoguswa. Hizi ndizo zinazozuia mabishano baadaye kwamba mkwaruzo wa zamani umeingizwa kwenye dai.
5. Stika ya bima na leseni ya mwenzako.
6. Dashibodi yako ikiwa imewashwa, kilomita na taa zote zionekane.

Usitamke "kosa langu, nitalipa". Mikataba mingi ya bima inamkataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na sentensi moja ya uungwana inaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa. Pole unaweza kumpa, na mjulie hali. Habari ya nani kakosa ziachie picha.

Picha zinatosha kama mtu ambaye hakuwepo anaweza kuzitazama na kueleza nani alitoka wapi na gari liligongwa wapi.

## Hatua ya 4: Toa taarifa, lakini usidai bado

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kudhani kumpigia wakala ni sawa na kudai. Ni vitu viwili tofauti. Taarifa inaieleza kampuni kwamba tukio limetokea. Dai linaiomba kampuni fedha.

Taarifa itolewe siku hiyo hiyo, hata kama unaamini utalipa mwenyewe. Mikataba huweka muda mfupi wa kutoa taarifa, na muda huo ukipita huna tena cha kuamua. Halafu yule uliyemgusa pale Isevya mkaagana vizuri anaweza kurudi baada ya mwezi akiwa na wakili na shingo iliyofungwa. Kama kampuni haikuwahi kuambiwa, utakuwa peke yako.

Tuma ujumbe wa maandishi, usipige simu peke yake. Unaweza kutumia huu:

> Natoa taarifa ya tukio dogo la gari namba T ___ ___, mkataba namba ___. Tarehe ___, saa ___, eneo ___. Hakuna aliyeumia. Picha nimeambatisha. Kwa sasa natoa taarifa tu. Nitawajulisha kama nitadai baada ya kupata makadirio. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba taarifa hii haitaathiri punguzo langu.

Sentensi ya mwisho usiiache. Zipo kampuni zinazoandika kila taarifa kama dai kwenye kumbukumbu zao, na hilo ulijue mapema.

Kuhusu polisi: kama una nia yoyote ya kudai, au umegongana na gari la mtu mwingine, nenda kituoni ukaandikishe. Kampuni karibu zote zitataka fomu za polisi wa usalama barabarani (zinazotajwa mara nyingi ni PF 90, PF 93 na PF 115) pamoja na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kuzipata baada ya wiki mbili, magari yakiwa yameshanyooshwa, ni kazi ngumu. Ujue pia kwamba ukionekana una kosa unaweza kuandikiwa faini. Iongeze kwenye gharama ya kufuatilia.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ujumbe wa kampuni unaosema wamepokea. Alama mbili za bluu za WhatsApp si jibu.

## Hatua ya 5: Fungua bampa kabla ya kuita uharibifu "mdogo"

Mabampa ya siku hizi ni plastiki. Yanabonyea, halafu yanarudi. Kwa nje unaona mkwaruzo wa kidole, kwa ndani chuma kimesukuma rejeta. Kwa hiyo usikubali bei ya fundi anayetazama akiwa amesimama mikono mfukoni.

Kagua mwenyewe kwanza, gari likiwa mahali tambarare.

Nafasi za bodi. Pima kwa tepu nafasi kati ya boneti na madigadi, kushoto na kulia. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, na kabla ya hapo zilikuwa sawa, kuna kitu kimesogea. Fungua na kufunga boneti na milango yote. Mlango unaohitaji kuinuliwa ili ufunge unakueleza kwamba nguzo au bawaba imeguswa.

Maji. Washa injini kwa dakika 15 huku kiyoyozi kikifanya kazi, kisha tazama chini. Maji meupe yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi, ni kawaida. Ya kijani, ya waridi au mekundu, yenye utelezi, ni ya rejeta. Zima gari, usiendeshe hata hadi gereji. Injini ya IST ikichemka, utasahau kabisa habari za bampa.

Taa. Mulika taa ya mbele kwa tochi ukitafuta ufa na masikio ya plastiki yanayoishikilia. Sikio likikatika taa inaonekana nzima, ila inacheza, na usiku mwanga unapiga juu. Ufa mdogo utaingiza mvuke mvua za Novemba zikianza.

Tairi na usukani. Kama tairi au rimu ilipigwa, endesha mita 200 barabara iliyonyooka ukiwa umelegeza mkono. Gari likivuta upande mmoja, au usukani ukikaa mshazari, sehemu za chini zimeguswa na alaimenti peke yake huenda isitoshe.

Dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa ikiwa imewaka na haizimi, acha hesabu zote za uharibifu mdogo. Hilo linaenda bima.

Baada ya hapo mpe fundi bodi kazi ya kushusha bampa mbele yako. Kwa magari mengi madogo ni klipu za juu, skrubu za pembeni kwenye matao ya tairi na chache za chini. Fundi anayeijua kazi anamaliza ndani ya saa moja. Mwambie asinyooshe chochote wala kukata. Kushusha ili kukagua na kupiga picha ni jambo moja, kutengeneza ni jingine. Na kama una nia ya kudai, iulize kampuni kwanza kama inaruhusu kushusha. Wengi watakubali ukiwatumia picha za kabla.

Piga picha chuma cha nyuma ya bampa, mabano yake, honi, tangi la maji ya waipa, rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Kondensa ndiyo inayosahaulika. Tundu dogo tu linamaliza gesi yote, na unaligundua siku ya jua la Oktoba.

Huu ndio moyo wa kazi nzima. Ukiruka hatua nyingine unaweza kupona, lakini ukiruka hii hesabu yako yote itakuwa ya kubahatisha.

## Hatua ya 6: Chukua makadirio mawili yaliyoandikwa

Moja kwa fundi bodi unayemwamini mtaani, lingine kwa gereji inayotoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Unahitaji yote mawili kwa sababu yanajibu maswali tofauti. La fundi wa mtaani linakuambia utatoa kiasi gani mfukoni. La gereji yenye EFD linakuambia bima wataona kiasi gani, maana kampuni haitapokea karatasi ya daftari.

Kila kadirio litaje sehemu moja moja: spea gani, mpya au mtumba, ufundi wa kunyoosha, rangi kwa kila pande, na siku za kazi. "Kazi yote laki nne" si kadirio.

Kwenye rangi kuwa mkali. Bampa la plastiki linahitaji praima yake ya plastiki. Likipigwa ile ya bati, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu ndani ya miezi michache. Na gari la rangi ya lulu au yenye chembechembe za kung'aa haliwezi kupakwa pande moja likafanana. Fundi lazima afifishe rangi hadi pande ya jirani. Kama kadirio halikuhesabu hilo, litapanda.

Kwa spea, uliza bei mbili: mtumba kutoka Ilala na mpya isiyo ya kiwandani. Ongeza nauli ya basi. Taa ya mtumba ambayo masikio yake yako mazima mara nyingi ina ubora kuliko mpya ya bei rahisi, ila omba picha ya nyuma ya taa kabla hujatuma fedha. Wauzaji hupenda kutuma ya mbele.

## Hatua ya 7: Linganisha na mstari

Rudi kwenye IST yetu yenye mstari wa 537,800.

*Bampa la nyuma limepasuka, 280,000.* Ipo mbali chini ya mstari. Akidai atalipwa 80,000, halafu apoteze 247,800 ndani ya miaka miwili. Alipe mwenyewe.

*Bampa, taa moja na madigadi, 600,000.* Baada ya makato anapata 400,000. Toa punguzo lililopotea na gharama za kufuatilia, anabaki na faida ya 62,200. Hapa ndipo watu huamua kwa hasira. Kanuni nzuri: kama faida haizidi laki mbili, lipa mwenyewe, kwa sababu makadirio hukosea na mkadiriaji wa kampuni hukata. Anaweza kukata uchakavu wa spea, akisema taa yako ilikuwa ya miaka 15 na yeye analipia mpya. Hiyo 62,200 huliwa hapo hapo.

*Mbele yote pamoja na rejeta na boneti, 1,450,000.* Baada ya makato ni 1,250,000. Toa 337,800, inabaki faida ya 912,200. Dai, tena bila kusitasita.

Mambo mawili yanayoweza kupindua hesabu hii.

Kwanza, thamani pungufu. Kama ulikata bima kwa 12,000,000 ili ulipe kidogo wakati gari sokoni ni 15,000,000, mkataba wenye kipengele cha uwiano utakulipa 12 kwa 15, yaani asilimia 80 ya hasara, kabla hata ya makato. Dai la 600,000 linaanza kama 480,000, na faida yote imekufa.

Pili, dai la pili ndani ya mwaka mmoja. Kama ulishadai mwezi Machi, punguzo limeshakwenda. Hasara ya kudai tena ni makato na usumbufu tu, kwa hiyo mstari unashuka. Lakini uliza kwanza kama makato ya dai la pili hayapandi.

### Kioo cha mbele kina hesabu yake

Ukitoka Tabora kwenda Sikonge au Urambo nyuma ya fuso, jiwe moja linatosha. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kipengele cha vioo peke yake, chenye ukomo wake, na mara nyingine bila kugusa punguzo. Kisome kabla ya kupiga mstari.

Jiwe likiacha alama ndogo kuliko sarafu, bandika karatasi ya gundi (selotepu) inayopitisha mwanga ili vumbi na maji visiingie, usioshe gari kwa maji baridi likiwa limetoka juani, na usielekeze kiyoyozi kiooni. Joto na baridi vikikutana, alama inakuwa ufa wa kioo kizima. Alama inazibwa kwa gundi maalumu. Ufa mrefu hauzibiki, tena ukiwa mbele ya dereva.

### Na embe

Aliyeegesha chini ya mwembe msimu wa embe asipeleke dai. Kibonyeo cha embe juu ya paa, kama rangi haijapasuka, husukumwa kutoka ndani baada ya kushusha kitambaa cha paa, bila puti wala rangi. Tawi lililoanguka na mvua ni habari nyingine; hilo lipitishe hatua zote.

## Hatua ya 8: Hakikisha dai lako halina ufa

Kabla ya kujaza fomu, angalia vitu vinavyofanya dai likataliwe lote.

Matumizi ndiyo yanayokamata wengi mkoani kwetu. Noah au Probox iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, lakini siku ya ajali ilikuwa inafanya mchomoko wa Nzega au Kaliua, yaani kubeba abiria wa kulipa, haina dai. Abiria watano wasio ndugu kwenye maelezo ya polisi wanatosha kuimaliza kesi. Usijaribu kuwageuza binamu. Kutoa maelezo ya uongo kwenye dai ni kosa la jinai, na kampuni inaweza kuufuta mkataba wote.

Nyingine: leseni iliyoisha au isiyo ya daraja la gari hilo, dereva aliyekunywa, dereva ambaye hayumo kama mkataba unataja majina, na gari lililonunuliwa bila mkataba wa bima kuhamishiwa jina jipya.

Ukikuta mojawapo, usidai. Lipa mwenyewe, kisha urekebishe mkataba kabla ya safari ijayo.

## Hatua ya 9a: Ukiamua kudai

Jaza fomu ya dai kwa kalamu moja na maelezo yale yale uliyotoa polisi. Tofauti ya saa au mahali huchelewesha zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ambatisha picha, kadirio la gereji yenye EFD, nakala ya leseni, kadi ya gari na fomu za polisi. Baki na nakala ya kila karatasi, na tarehe uliyoikabidhi ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Usianze matengenezo kabla ya idhini ya maandishi. Fundi akipata kitu kingine katikati ya kazi, asimamishe, apige picha, na uombe nyongeza.

Ukiletewa hati ya kukubali malipo, soma kiasi na maneno "malipo ya mwisho". Ukishasaini, huwezi kurudi kudai kondensa.

Ukiona unazungushwa, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza. Wasipokujibu, nenda TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Magharibi, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na nakala zenye mihuri.

## Hatua ya 9b: Ukiamua kumalizana au kulipa mwenyewe

Kama mwenzako ndiye anayekulipa, pokea fedha kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na muandikiane:

> Sisi, (jina) wa gari T ___ na (jina) wa gari T ___, tunakubali kwamba tarehe ___ eneo la ___ magari yetu yaligusana. Hakuna aliyeumia. (Jina) amemlipa (jina) shilingi ___ kwa uharibifu wa ___. Hakuna anayemdai mwenzake zaidi kwa uharibifu huu wa gari.

Saini zenu, saini ya shahidi mmoja, na kama mnaweza muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Usisaini kabla bampa halijashushwa, kwa sababu mstari wa mwisho unafunga mlango. Na kama wewe ndiye unayelipa ukiwa na bima, ipe kampuni taarifa kwanza, kwa sababu ile ile ya hatua ya 3.

Kisha waandikie kampuni ujumbe mfupi: "Kuhusu taarifa yangu ya tarehe ___, sitadai. Naomba faili lifungwe bila dai." Siku ya kuhuisha bima, tazama punguzo kwenye makadirio mapya kabla ya kulipa. Likiwa limeshuka, watumie ujumbe huo pamoja na ule wa kwanza, na usilipe hadi warekebishe.